MAKAMANDA WALIOPITA BUHA 1916: NANI ALIFAULU, NANI ALIANGUKA?

Ndugu msomaji, mazungumzo haya niliyatoa mbele ya vijana wa Kasulu mjini, nikayarudia Kibondo. Waliyoyasikia wakaomba yaandikwe, ili na wewe uliye Mwanga, Mwanjelwa au Kariakoo uyapate. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.

Yalianza na swali. Kijana mmoja alisimama, mikono mfukoni, akaniuliza: "Mzee, katika wale makamanda wa vita vya Mjerumani, nani alikuwa mkali kuliko wote?" Wenzake wakaanza kuzomeana pale pale. Huyu anamtaja von Lettow-Vorbeck, yule anasema Smuts. Kila mmoja ana jenerali wake kama alivyo na timu yake ya mpira.

Nikawaambia: vijana, swali ni zuri, lakini mnaanza na watu wa mbali. Mnawataja majenerali wa Tanga na Kilimanjaro wakati vita vilipita hapa hapa, katika nchi ya Waha, na hamjui jina la hata kamanda mmoja aliyekuja kwa mlango wetu. Basi leo tuwaite mbele mmoja mmoja, tuwape alama zao kama shuleni. Tuache ushabiki, tusahihishe mtihani.

MTIHANI WENYEWE

Mtihani una maswali matatu. La kwanza: je, kamanda huyu alijua anakokwenda na njia ya kumfikisha? La pili: je, aliwalisha watu aliowachukua? La tatu: je, aliwahesabu, walioondoka na waliorudi?

Vitabu vingi vya vita husahihisha swali la kwanza tu. Aliyeteka mji amepasi, aliyeuacha amefeli. Mimi na wewe tutasahihisha yote matatu.

Kwanza ramani. Chukua kijiti uchore chini. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, na Kigoma, mwisho wa reli. Reli hiyo ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Mashariki, mbali, kuna Tabora, mji mkubwa wa bara na makao ya jeshi la Wajerumani upande huu. Katikati ya Kibondo na Tabora kuna mto Malagarasi na mabwawa ya Moyowosi, matope, mafunjo na mbung'o. Ng'ombe wa kukokota mkokoteni anakufa kwa ndorobo, farasi vivyo hivyo. Jeshi likitaka kwenda Tabora kutoka Burundi, njia ni mbili: uzunguke kaskazini kupitia Biharamulo na Kahama, au ushuke kusini hadi Kigoma uifuate reli.

Wabelgiji walichukua zote mbili.

TOMBEUR NA BRIGEDI ZAKE MBILI

Mkubwa wao alikuwa Jenerali Charles Tombeur. Alikuwa na askari zaidi ya elfu kumi wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji. Maofisa walikuwa Wazungu, askari walikuwa Wakongo. Aliwagawa katika brigedi mbili. Ya kaskazini aliikabidhi kwa Kanali Philippe Molitor, ya kusini kwa Frederik Olsen, Mdenmaki aliyekuwa akiutumikia Ubelgiji.

Molitor aliingia Kigali tarehe 6 Mei 1916, akashuka hadi Biharamulo mwezi Juni. Olsen alivuka Ruzizi, akachukua Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na katikati ya Juni akawa Gitega. Kutoka Gitega akaielekea nchi ya Waha. Tarehe 28 Julai watu wake waliingia Kigoma, na siku chache baadaye Ujiji.

Pima mwenyewe. Wiki sita hivi, kwa miguu, kutoka Gitega hadi ziwani, milima juu na mabonde chini. Anayejua mwendo wa kutoka Manyovu hadi Kasulu atakubali kwamba hiyo si kazi ya mchezo. Na alipofika hakuukuta mji ukiwa na nguvu ya kumzuia. Wajerumani walikwishaondoka, wakiharibu madaraja ya reli nyuma yao.

Basi swali la kwanza tumpe Olsen alama nzuri. Lakini ngoja. Kutoka Kigoma alisonga mashariki akiifuata reli, na mwanzoni mwa Septemba alikuwa mlangoni pa Tabora. Alipigana Usoke, akapigana Lulanguru, na Itaga mashambulizi yakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa peke yake. Molitor alikuwa bado njiani kutoka kaskazini, na kati yao kulikuwa na mapori na mabwawa niliyokuchorea. Hakukuwa na mawasiliano ya maana kati ya ndugu hawa wawili. Mmoja anapiga leo, mwenzake anafika wiki ijayo. Adui aliyekaa katikati anahamisha askari wake kutoka upande huu kwenda upande ule, kama mlinzi mmoja anayecheza namba mbili.

Kosa hilo si la Olsen peke yake. Ni la mkubwa wao, Tombeur, aliyegawa jeshi bila kuliunganisha. Lakini mji ulianguka tarehe 19 Septemba 1916, na historia ikafuta kosa. Ndivyo ilivyo: ushindi ni sabuni, husafisha nguo za wakubwa wote.

MOLITOR NA CREWE: MBIO ZA WALIOISHIWA POSHO

Kwa nini Molitor alichelewa? Si kwa woga. Mapema Julai watu wake walipigana vikali Kato, karibu na Biharamulo, wakashinda. Alichelewa kwa sababu ya wapagazi na chakula.

Waingereza walikuwa wameahidi kumsaidia wabebaji. Kutoka Uganda waliandikishwa zaidi ya watu 8,000 kubebea brigedi hiyo. Zaidi ya 1,000 kati yao walikufa. Tia hesabu hiyo akilini, tutairudia.

Wakati huo huo alikuwepo Mwingereza wa upande wa Ziwa Viktoria, Brigedia Jenerali Charles Crewe kutoka Afrika Kusini. Yeye aliitwaa Mwanza tarehe 14 Julai 1916, na Wajerumani wakamponyoka. Baada ya hapo kazi yake na ya Molitor ilipaswa kuwa moja: kushuka pamoja kwenda Tabora. Badala yake yakawa mashindano. Kila mmoja anataka bendera ya kwake ipande kwanza, kila mmoja analalamika kwamba mwenzake amemnyima wabebaji na posho. Washirika wawili, adui mmoja, na ugomvi juu ya nani atapigwa picha! Crewe aliifikia reli, mashariki ya Tabora, siku chache baada ya Wabelgiji kuingia mjini. Haukupita muda mrefu akarudi kwao.

Molitor C. Crewe D. Na usicheke sana, ndugu msomaji, maana umewahi kuona wakubwa wawili wakigombania kukata utepe wakati daraja lenyewe halijakamilika.

MZEE WAHLE ALIYEMHESHIMU MDOGO WAKE

Sasa twende upande wa pili. Tabora ililindwa na Jenerali Kurt Wahle. Huyu kisa chake ni cha ajabu. Alikuwa jenerali mstaafu aliyekuja kumtembelea mwanawe mwaka 1914, vita vikamkutia huku. Mkuu wa jeshi la Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alikuwa luteni kanali tu. Mzee Wahle, mwenye cheo cha juu, akakubali kuwa chini yake. Nawaambieni ukweli, katika orodha hii yote hiyo ndiyo tabia iliyonigusa. Wangapi kati yetu wangekubali?

Kivita, Wahle alifanya kazi yake vizuri. Alikuwa na watu wachache kuliko maadui waliomjia kutoka magharibi na kaskazini. Aliwachelewesha kwa siku nyingi, akampiga Olsen alipojiweka peke yake, na alipoona mtego unafunga, usiku wa kuamkia tarehe 19 Septemba akatoka na jeshi lake kuelekea Iringa. Aliuacha mji, aliliokoa jeshi. Kamanda wa kweli anajua tofauti ya hivyo viwili.

Lakini angalia kilichofuata. Askari na wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi. Walikuwa tayari kuilinda Tabora, kwao. Walipoambiwa waondoke, waiache nyumba na mke nyuma, waende kusini kusikojulikana, wengi walitoroka. Vitabu vya maofisa vinawaita watoro. Mimi nasema walipiga kura kwa miguu. Waliuliza swali ambalo mzee Wahle hakuwa na jibu lake: vita hivi ni vya nani?

WINTGENS NA NAUMANN: UJASIRI BILA KAZI

Chini ya Wahle alikuwepo Kapteni Max Wintgens, aliyetoka Rwanda. Hodari wa uwanjani, bila ubishi. Mwaka 1917 huyu alijitenga na wenzake, akageuza kikosi chake kaskazini, akazunguka nyuma ya maadui, akawasumbua maelfu ya askari. Mei 1917 akaugua homa mbaya ya chawa, akajisalimisha. Luteni Heinrich Naumann akaendelea na kikosi hadi Oktoba mwaka huo, alipozingirwa.

Vijana mnapenda hadithi za namna hii, najua. Kikosi kidogo, nchi kubwa, mbio za miezi na miezi. Lakini uliza: kikosi hicho kilikula nini? Hakikuwa na ghala wala reli. Kilikula kihenge cha kila kijiji kilichokutana nacho, na kilibebewa mizigo na yeyote aliyekamatwa. Baada ya kukamatwa, Naumann alishitakiwa na Waingereza kwa mauaji, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa. Swali la kwanza A. La pili na la tatu, F yenye wino mwekundu.

NA WALE WAKUBWA WENYEWE

Haya, Lettow-Vorbeck na Smuts, mliowataka tangu mwanzo.

Smuts alikuwa bingwa wa kuzunguka. Kila mara anazunguka, kila mara adui anachomoka. Askari wake waliuawa na malaria na kuhara kuliko risasi, kwa sababu aliwasukuma mbele kuliko chakula na dawa zilivyoweza kuwafuata. Mwezi Januari 1917 akaondoka kwenda London na kutangaza kwamba vita vya huku vimekwisha, yamebaki mabaki. Mabaki hayo yalipiganwa mpaka Novemba 1918! Jihadhari na kiongozi anayetangaza ushindi akiwa uwanja wa safari.

Lettow hakushindwa uwanjani, wanasema, na kweli alijisalimisha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, baada ya habari za kusimamishwa vita Ulaya kumfikia. Berlin walimpokea kwa shangwe mwaka 1919. Lakini daktari wa jeshi lake mwenyewe, Ludwig Deppe, alikiri kwa kalamu yake kwamba walikopita waliacha njaa. Kawaulize Wagogo. Wana jina la njaa iliyofuata majeshi ya pande zote mbili kuwapokonya ng'ombe na nafaka. Wanaiita Mtunya.

HESABU YA MPAGAZI

Sasa tufike kwenye kiini. Pale Kasulu nilimwita kijana mmoja mwenye kifua, nikamwambia: chukulia una mzigo wa unga wa kilo 25 kichwani. Unakula kilo moja kwa siku. Siku ngapi unaumaliza? Akasema 25. Sawa. Sasa nikikutuma kwa askari aliye mbali mwendo wa siku 12, kisha urudi siku 12, utamfikishia kilo ngapi? Akahesabu kwa vidole, akanyamaza. Kilo moja!

Hapo ndipo ilipo siri ya vita vya 1916. Ng'ombe hawapiti kwa sababu ya mbung'o. Reli imevunjwa. Kwa hiyo kila risasi, kila mzinga, kila kopo la nyama la ofisa lilipanda kichwani pa mtu. Na mtu huyo lazima ale. Kamanda akitaka kwenda haraka ana njia mbili tu: ama apunguze posho ya mpagazi, ama achukue chakula cha kijiji. Makamanda wetu wote, wa pande zote, walifanya yote mawili. Sifa ya mwendo wa haraka wanayopewa katika vitabu ilitoka katika tumbo la mtu fulani.

Sisi huku tuna methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1916 wageni walikuja kwa maelfu, na mwenyeji hakupona. Jeshi moja linaondoka likiwa limekomba, la pili linaingia likiwa na njaa, na wote wawili wanataka watu wa kubeba.

Tazama walivyojali vyombo. Wajerumani walipoiacha Kigoma waliizamisha meli yao Graf von Götzen, lakini kwanza waliipaka mashine zake grisi ili isioze, ije kufufuliwa. Na kweli ilifufuliwa na Waingereza mwaka 1924, na tangu 1927 mnaijua kwa jina la Liemba. Meli ilipakwa grisi, ndugu zangu. Mpagazi aliyeugua kuhara njiani aliachwa chini ya mti.

NANI ALILIPWA?

Tombeur alipewa ubaroni, na jina la mji likaunganishwa na lake: Tombeur de Tabora. Olsen alipanda mpaka kuwa mkuu wa Force Publique. Ubelgiji uliishika Kigoma, Kasulu na Kibondo hadi mwaka 1921, ukazikabidhi kwa Waingereza, ukabaki na Rwanda na Burundi. Juu yake ukapewa eneo katika bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam, Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja!

Mpaka ukachorwa. Muha na Mrundi waliokuwa wakioana na kuuziana chumvi wakawa raia wa tawala mbili. Kisha sera ikaja kwamba nchi hii ni ghala la watu wa kazi, na vijana wa Buha wakasafirishwa kwenda mashamba ya mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Namba walipewa walipotakiwa kazini. Mwaka 1916 hata namba hawakupata.

Na huyo mpagazi alilipwa nini? Dar es Salaam kuna Kariakoo. Unauza mitumba pale, unapigiwa debe pale, timu yako ina makao pale. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, lililotamkwa kwa ulimi wetu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivi, na waliokufa walioandikwa ni karibu 95,000. Walioandikwa, nasema. Ile Sanamu ya Askari katikati ya jiji, iliyowekwa mwaka 1927, ina maandishi yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyesimama juu na bunduki ni askari. Miguu na mikono haina sanamu.

Msidhani ni maneno ya mlalahoi mwenye kinyongo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Miaka zaidi ya 100 imepita!

Fananisha na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Unaweza kubishana juu ya kamanda yupi alifanya vizuri na yupi alikurupuka, lakini waliokufa wana makaburi Kaboya, na kila mwaka nchi inawakumbuka. Kumhesabu aliyekufa ni kitu kinachowezekana, taifa likitaka.

JIBU LANGU

Kwa hiyo, kijana uliyeuliza, hili ndilo jibu. Katika kujua njia, Wahle anaongoza, Olsen wa pili. Katika kuwalisha watu, hakuna aliyepasi. Katika kuwahesabu, wote wameanguka, na wengine hawakuingia hata chumba cha mtihani.

Ukiutumia mtihani huu hutadanganyika kirahisi, wala si kwa majenerali tu. Mtu yeyote akija mbele yako na kusema "tumeshinda", muulize taratibu: tulikwenda kwa njia gani, nani alikula na nani hakula, na walioondoka nasi wamerudi wangapi? Akikasirika, umekwisha pata jibu.

Na kazi ninayowaachia ni hii. Nunueni daftari, kaunta buku moja tu inatosha. Nendeni Heru Juu, Makere, Kakonko, Muhambwe. Waliobeba wamekufa, na watoto wao karibu wote wamekufa. Lakini wajukuu wapo, na mjukuu hukumbuka jina la babu aliyechukuliwa asirudi. Liandikeni jina, kijiji, na alichokwenda kubeba. Msiandike majenerali, hao wana vitabu vyao.

Kibondo, nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma ya vijana aliinua mkono. Hakuuliza swali. Alitaja jina moja, akakaa.

Nikalikabidhi daftari kwa kijana wa mbele, akaliandika. Hilo ni la kwanza. La pili liko kwenu.